Majirani wa Walukuba, Jinja, Uganda: posho (ugali) tuiache?

Mama Shamim: Majirani, habari za jioni. Naomba ushauri. Yule dada wa saluni pale kona amepungua mpaka gauni zinampwaya. Ameacha posho, matoke, muhogo na chapati, anakula nyama, mayai na ovakado tu. Mimi nina sukari na nimeambiwa nipunguze uzito. Nimfuate?

Baba Oketch: Usijitese. Mimi tangu mwaka jana sili nyama. Maharage, dodo (mchicha), viazi vitamu, binyebwa (mchuzi wa karanga). Nasikia mwili mwepesi kabisa.

Kaka Musa: Lakini mzee, hivyo viazi si wanga mtupu? Wanga ndio unaopandisha sukari.

Hajati: Na hiyo nyama ya kila siku nani ataiweza hapa Walukuba?

Nesi Akello: Poleni, nilikuwa zamu. Swali la Mama Shamim limeshapimwa. Marekani, watafiti wa taasisi ya taifa ya afya walilaza watu 20 wodini wiki 4, hakuna mwenye kisukari kati yao. Wiki 2 walikula vyakula vya mimea vyenye mafuta kidogo, wiki 2 nyingine vya wanyama vyenye wanga kidogo sana, kila mtu ale mpaka atosheke. Matokeo yalitoka 2021. Kwenye mimea walikula pungufu kwa kalori kama 689 kwa siku, wala hawakulalamika njaa.

Baba Oketch: Si nilisema!

Nesi Akello: Subiri mzee wangu. Uzito ulipungua pande zote mbili, ila mafuta ya mwilini yalipungua vizuri upande wa mimea. Kwenye wanga kidogo, sehemu kubwa ya kilo za mwanzo ilikuwa maji. Lakini huko ndiko sukari ya damu na insulini, homoni inayoshusha sukari, zilikuwa chini zaidi. Kwa hiyo Musa naye hajakosea.

Kaka Musa: Wiki 2 ni chache, dada. Mtu akienda mwaka mzima?

Nesi Akello: Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walifuatilia watu 609 kwa miezi 12. Hao walilinganisha mafuta kidogo na wanga kidogo. Walipungua wastani wa kilo 5.3 kwa 6.0, hakuna tofauti ya maana. Makundi yote mawili yaliambiwa yale mboga kwa wingi, yaache sukari ya kuongeza na unga mweupe. Mimi hapo ndipo ninaposhikilia. Soda ni ya mimea. Mandazi ni ya mimea. Chipsi pia. Na Baba Oketch, karanga karibu nusu yake ni mafuta, kwa hiyo binyebwa iwe vijiko, isijae bakuli. Mtu asiyegusa kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa anahitaji pia vitamini B12 kutoka pengine.

Baba Oketch: Maziwa nakunywa, binti yangu. Hilo la bakuli nimelisikia.

Nesi Akello: Mama Shamim, unameza dawa gani?

Mama Shamim: Metformin, na kile kidonge kingine, glibenclamide.

Nesi Akello: Basi tafadhali usiache posho ghafla. Hicho cha pili kinausukuma mwili utoe insulini hata kama hujala. Ukikata wanga bila dozi kurekebishwa, sukari inaweza kushuka mno: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, hata kuzirai. Nimewahi kumpokea mama aliyeletwa na boda hivyohivyo, hajitambui. Kliniki kwanza, dozi ipangwe upya, chakula baadaye.

Mama Shamim: Mungu wangu. Kumbe! Kliniki yangu ni Alhamisi.

Nesi Akello: Beba vidonge vyote na kitabu chako. Kwa sasa posho iwe kiasi cha ngumi yako, nusu ya sahani iwe mboga za majani, nakati au dodo, kando weka maharage au mukene (dagaa). Soda acha leo hii, chai kunywa bila sukari.

Hajati: Dodo hata bila kukaanga inaliwa. Nyanya, kitunguu, kijiko kimoja cha mafuta, unafunika inaiva kwa maji yake.

Mama Shamim: Asante Hajati. Asante sana Akello.

Kaka Musa: Kesho alfajiri niko Masese. Anayetaka mukene aandike hapa.

Hajati: Niwekee vikombe viwili.

Mama Shamim: Na mimi kimoja, Musa.