Chati ya nyota na poti: anakojoa matone matone ili apate stika

MamaTwaha
Habari za jioni wapendwa. Mtoto ana miaka miwili na miezi saba. Chati iko ukutani chooni: akikojoa kwenye poti anapata stika moja ya nyota, zikifika tano anapewa kigari. Siku nne za mwanzo ilikwenda vizuri, sasa imegoma. Anakojoa matone mawili, anainuka, anadai nyota, na dakika tano baadaye anarudi na matone mengine. Haja kubwa ndiyo hataki kabisa. Anajificha nyuma ya pazia au anaomba avalishwe pampasi. Tumemuahidi nyota tatu, wapi. Chati ina kosa gani?

Mwalimu_wa_Chekechea
Mama Twaha, chati inalipa matone, naye analeta matone. Kama anaweza kuachia kidogo na kubana tena, hiyo ni habari njema, misuli ameshaanza kuimudu. Badilisha kinacholipwa.

Lipa hatua, usilipe mkojo. Aseme au aende mwenyewe, ashushe chupi, akae hadi mkojo uishe, apandishe chupi, anawe kwa sabuni. Stika itoke baada ya kunawa, si pale anapoinuka. Mlolongo huo peke yake hupunguza safari za matone. Akitaka kuinuka mapema, mwimbie wimbo mfupi mpaka umalizike. Mpeleke akiamka, baada ya kula na kabla ya kutoka nyumbani. Katikati hapo kila saa moja na nusu hadi mbili inatosha. Anayepelekwa kila dakika ishirini hapati nafasi ya kuhisi kibofu kimejaa, na kuhisi huko ndiko tunakomfundisha.

Kigari kiondoe. Kwa umri huu nyota ya tano iko mbali mno, na akishakipata ataanza kudai kikubwa zaidi. Stika yenyewe ndiyo zawadi. Chukua nusu ya karatasi ya manila, chora miraba ya sentimita tano, weka picha ya kila hatua kwa kuwa hajui kusoma, ining'inize usawa wa macho yake na umwache abandike kwa mkono wake. Ibandikwe hapo hapo. "Tutabandika baba akirudi" haimsaidii, maana jioni hakumbuki nyota ni ya nini. Sifa nayo itaje kitendo: "Umeshusha chupi mwenyewe!" inafundisha kuliko "mtoto mzuri".

Akijikojolea sakafuni, sema "mkojo unakwenda kwenye poti", mbadilishe, basi.

Nesi_Kliniki_ya_Watoto
Nakubaliana na Mwalimu kuhusu hatua, ila msiharakishe kusema matone ni ujanja wa stika. Soma matatizo yote mawili pamoja. Utumbo ukijaa choo kigumu hukandamiza kibofu, na mtoto hukojoa kidogo kidogo na mara kwa mara. Angalia kama matone yapo hata pale ambapo stika haipo. Kama analia akikojoa, ana homa au mkojo unanuka vibaya, apimwe mkojo.

Haja kubwa iondoe kwenye chati leo. Mtoto aliyejificha nyuma ya pazia, amesimama kwa ncha za vidole na kukaza makalio, wengi hudhani anasukuma. Kumbe anabana. Mara nyingi choo kiliwahi kumuuma. Kinachobaki ndani kinaendelea kufyonzwa maji, kinakuwa kigumu na kikubwa zaidi, siku kikitoka kinauma kuliko jana, naye anabana tena. Nyota tatu haziwezi kushindana na maumivu.

Kwanza kilainike. Papai, embe, parachichi, maharage, mchicha, na maji kidogo kidogo mchana kutwa. Maziwa ya ng'ombe yasizidi nusu lita kwa siku. Yakizidi yanamshibisha na chakula chenye nyuzinyuzi hakiliwi. Kama choo ni vigololi vikavu, au anapata chini ya mara tatu kwa wiki, mpeleke kliniki apewe dawa ya kulainisha kwa kipimo chake. Dawa hiyo huendelea kwa wiki kadhaa, pengine miezi. Wazazi wengi huikatiza siku choo cha kwanza laini kinapotoka, na tatizo linarudi. Kumtia kipande cha sabuni au kumpiga bomba nyumbani, tafadhali msifanye, kunamwongezea hofu.

Mkiona chupi ina uchafu wa majimaji, si lazima awe anahara. Huenda ni choo chepesi kinachopenya pembeni ya kile kilichoganda, na dawa ya kufunga kuhara itazidisha.

Pampasi anayoomba mpe, lakini avalie chooni. Baada ya siku chache akae nayo juu ya poti, kisha ilegezwe, kisha itandikwe tu ndani ya poti. Akalishwe dakika 20 hadi 30 baada ya mlo, wakati utumbo mpana unapoamka, kwa dakika tatu hadi tano tu. Nyayo zikanyage chini, magoti yawe juu kidogo ya nyonga. Kwenye choo cha kukalia weka kigoda. Nyota ni ya kukaa, hata kama hakuna kilichotoka. Damu, kutapika au tumbo kuvimba ni safari ya hospitali.

Mpwani
Kwa wanaosema zawadi ni uzungu: mwaka 1977 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti wa Marten na Rachel deVries kuhusu Wadigo wa pwani ya Kenya. Mama hukaa chini, miguu ameinyoosha, mtoto mchanga katikati yake, anamtolea sauti ya "shuu". Akikojoa hunyonyeshwa au hubembelezwa papo hapo. Kwa hiyo malipo ya haraka tunayo siku nyingi, na kumbatio halina haja ya manila.

MamaTwaha
Asanteni sana. Nitaanza na choo. Mchana anashinda na dada wa kazi, ambaye humtishia kwamba nyota zitabanduliwa. Na usiku je? Chati inaondolewa lini?

Mwalimu_wa_Chekechea
Nyota iliyobandikwa haibanduliwi. Ikibanduliwa, mtoto anaanza kuficha chupi iliyolowa badala ya kuja kusema. Kaa na dada, mpitie hatua zile tano kwa maneno yale yale. Mvalisheni bukta ya mpira kiunoni, si suruali ya kifungo.

Usiku usiuweke kwenye chati. Aliyelala hachagui, kunahitajika homoni ya kupunguza mkojo usiku, na kwa watoto wengi wa miaka minne au mitano bado haijakaa sawa. Pampasi ya usiku iendelee.

Akifanya hatua bila kukumbushwa kwa wiki nzima, stika iwe ya kwenda mwenyewe tu, halafu mara moja moja bila mpangilio. Karatasi ikijaa usibandike nyingine. Asipoiulizia, nyamaza.

Nesi_Kliniki_ya_Watoto
Na usiiondoe wiki ile ile unayoanza dawa ya choo. Badilisha kimoja kwanza, ndipo utajua kipi kimefanya kazi.