Wotapampu haitengenezwi tena: bamba la adapta, kuifufua ya zamani, au ya umeme?

Chuma_Baridi
Wakuu, salaam. Injini ni ya petroli, silinda 4, bloku ya chuma cha kusubu. Wotapampu (pampu inayozungusha maji ya kupoza injini) inakaa mbele ya bloku kwa bolti 5 za M8 (kipenyo mm 8), inazungushwa na mkanda wa V, na feni imefungwa kwenye habu yake, yaani kitovu kinachobeba puli. Mtengenezaji alishaacha kuitoa. Iliyopo beringi inacheza na maji yanachuruzika kwenye kitundu cha chini, ila bodi haina ufa.

Naona njia tatu. Ya kwanza, kuchonga bamba la alumini lifungwe kwenye bloku, kisha pampu ya injini nyingine iliyopo madukani ifungwe juu yake. Ya pili, kubadilisha beringi na sili (kizuizi cha maji kwenye shafti) kwenye bodi ileile. Ya tatu, kuziba tundu kwa bamba na kuweka pampu ya umeme kwenye mpira wa rejeta. Nimeshaipata pampu ambayo matundu yake yanakaribiana sana na ya kwangu, kwa hiyo naelekea kwenye bamba. Kuna nisichokiona?

Mkereza_Alumini
Kipo, na ndicho kinachowaponza wengi: matundu ya bolti ni sehemu rahisi ya kazi hii. Tatizo ni unene wa bamba.

Hesabu ndogo. Bamba litakuwa na seti mbili za matundu. Bolti za kulishika kwenye bloku ni za aleni (kichwa cha mviringo chenye tundu la pembe sita) na vichwa vyake lazima vizamishwe ndani ya bamba. Kichwa cha M8 kina kimo cha mm 8, na chini yake unataka alumini isiyopungua mm 6. Bolti za pampu zinaingia kwenye hesi (mifereji ya skrubu) iliyokatwa ndani ya bamba lenyewe, na M8 kwenye alumini inahitaji mm 12 hadi 16 za hesi, si mm 8 kama kwenye chuma. Ukijumlisha unafika kwenye bamba la mm 16.

Sasa pampu nzima imesogea mbele mm 16. Mambo manne yanafuata:

1. Impela, yaani gurudumu lenye mabawa linalosukuma maji. Kama pampu yako ni ile ambayo impela inazungukia ndani ya chumba kilichosubiwa kwenye bloku, umeivuta mm 16 kutoka kwenye chumba chake. Nafasi kati ya mabawa na ukuta inatakiwa iwe kama mm 0.5 hadi 1. Ikiwa mm 10, maji yanazunguka palepale. Injini itakuwa sawa gari likiwa limesimama, itachemka ukipandisha mlima.

2. Puli. Nayo imetoka mm 16 nje ya mstari wa puli ya krenki na alteneta. Mkanda wa V unavumilia mpishano wa takriban nusu digrii, yaani kama mm 2.6 kwa umbali wa mm 300 kati ya puli na puli. Mkanda wa mifereji mingi huvumilia kidogo zaidi ya hapo? Hapana, unavumilia pungufu.

3. Feni. Imesogelea rejeta. Acha angalau mm 20, kwa sababu injini hucheza kwenye maunti zake.

4. Mwelekeo wa kuzunguka. Hili huwa halipimwi kabisa. Pampu nyingi za magari mapya huzungushwa na mgongo wa mkanda, kwa hiyo huzunguka kinyume. Impela yenye mabawa yaliyopinda ukiizungusha kinyume bado inasukuma maji, lakini kidogo. Tazama mabawa: yaliyopinda yanatakiwa yalale nyuma, yaukimbie mwelekeo wa mzunguko.

Namna ya kupima nafasi ya impela: finyanga vibonge vya plastisini vyenye unene wa mm 5, vibandike juu ya mabawa mawili yanayotazamana, paka mafuta kidogo ukuta wa chumba, funga pampu na gasketi yake, zungusha kwa mkono mara moja, fungua. Kata kibonge kwa wembe, pima unene uliobaki kwa kalipa. Plastisini haidanganyi.

Sili_na_Shafti
Bodi nzima haina ufa na bado mnajadili bamba? Fufua hiyo pampu kwanza.

Beringi za wotapampu hazina siri kubwa. Shafti na beringi ni kitu kimoja, na saizi ya kipenyo cha nje mm 30 na shafti ya karibu mm 16 imeenea kwenye injini nyingi sana, za zamani kwa za sasa. Unachotafuta ni urefu wa ganda la beringi, na urefu wa shafti inayotokeza kila upande. Shafti ndefu hukatwa, fupi haiokolewi.

Utaratibu:

Kabla ya kung'oa chochote, pima kwa kalipa kutoka uso wa gasketi hadi uso wa habu, na kutoka uso wa gasketi hadi mgongo wa impela. Andika. Vipimo hivyo viwili ndivyo vitakavyorudisha puli na impela mahali pake, na vikipotea umepoteza pampu.

Vuta habu kwa pula. Angalia kama kuna waya wa kuzuia beringi, baadhi ya pampu zinao na mtu husukuma kwa presi mpaka bodi inapasuka. Sukuma shafti pamoja na beringi kutoka upande wa impela. Safisha kitundu cha kuchuruzisha mpaka uone mwanga. Kazi yake ni kutoa maji yanayopita sili kabla hayajafika kwenye beringi. Anayekiziba ili kuzuia maji anaua beringi mpya ndani ya muda mfupi.

Beringi mpya isukumwe kwa bomba linalogusa ganda la nje tu. Ukisukuma kwa kuegemea shafti, vigololo vinachimba vijishimo kwenye njia yake na utaanza kusikia mvumo siku ileile. Mkazo wa mm 0.02 hadi 0.05, yaani beringi kuzidi tundu kwa kiasi hicho, unatosha kwenye bodi ya chuma. Nyuso za sili usiziguse kwa kidole, alama ya mafuta inatosha kuanzisha mvujo. Kimo cha sili ikiwa imebanwa hutolewa na mwenye kuitengeneza, nacho ndicho kinachopanga nguvu ya springi. Ukipitiliza inaungua, usipofika inavuja.

Relei_Moja
Kwa upande wa umeme, maana naona wengi huichukua kama njia ya mkato.

Faida ipo: maji yanatembea bila kujali mzunguko wa injini, na pampu inaweza kuendelea dakika kadhaa baada ya kuzima. Lakini mkuu hapo juu amesema feni iko kwenye habu ya pampu. Ukiondoa pampu, feni imekwenda nayo, na mkanda umebaki na puli mbili tu, kwa hiyo urefu wake unabadilika.

Pampu za umeme za lita 80 hadi 115 kwa dakika hula kama ampia 7 hadi 10. Feni ya umeme huongeza 10 hadi 20. Ongeza taa na mfumo wa kuwashia. Alteneta ya zamani ya ampia 35 au 45 ikiwa kwenye sailensi (injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta) haitoi hata nusu ya hapo, na betri inashuka polepole bila kukuambia. Bila kubadilisha alteneta, njia hii iache.

Na bamba la kuziba si kipande bapa cha bati. Lazima liwe na mdomo wa kupokea mpira wa chini wa rejeta na njia ya kuingiza maji kwenye bloku, la sivyo umeziba mzunguko wote. Relei yake peke yake, fyuzi yake peke yake, na taa ya onyo ya joto inayowaka mapema. Mkanda ukilegea hupiga kelele, waya ukikatika hukaa kimya.

Chuma_Baridi
Nimewaelewa. Maswali mawili. Puli haiwezi kurudishwa nyuma kwa kukereza? Na bamba haliwezi kuprintiwa kwa plastiki? Magari mengi ya sasa yana nyumba za themostati za plastiki kutoka kiwandani.

Mkereza_Alumini
Puli: inategemea nyama iliyopo. Wakati mwingine habu inaweza kusukumwa ndani zaidi kwenye shafti kwa mm 4 au 5, na uso wa puli ukakerezwa mm 3. Kufika 16 ni nadra.

Plastiki: printa ni chombo kizuri mno cha kutengenezea kielelezo, si bamba lenyewe. Printa kwa PLA (plastiki ya kawaida ya printa za 3D), unene kamili, jaribu matundu, jaribu puli kwa rula ndefu, zungusha impela. Likikosewa umepoteza saa chache. Ila PLA hulegea ikikaribia °C 60, na kulanti inakaa 90 kwa mgandamizo wa karibu bar 1. Za kiwandani ni nailoni yenye nyuzi za kioo, imesukumwa kwenye kalibu kwa shinikizo kubwa, na kila tundu la bolti lina bushi ya chuma inayobeba mkazo. Iliyoprintiwa ina matabaka, na maji ya moto hupenya katikati ya matabaka. Bila bushi, plastiki hukubali mkazo wa bolti kidogokidogo mpaka gasketi inabaki bila mbano.

Tumia alumini 6061-T6. Ukitumia bamba la chuma litafanya kazi pia, na hesi zitakuwa fupi, yaani bamba linaweza kushuka hadi mm 14, ila hapo kutu inakusubiri.

Puli_Mbili
Naongeza: badala ya kurudisha puli ya pampu, sogezeni puli ya krenki na alteneta mbele kwa spesa (kipande cha kuongeza unene). Spesa kwenye puli ya pampu inaongeza mzigo kwenye beringi ya pampu, kama vile bamba linavyofanya.

Sili_na_Shafti
Nusu ni sawa. Spesa kati ya habu na puli inaongeza mzigo, kwa sababu mvuto wa mkanda umeenda mbali zaidi na beringi. Bamba halifanyi hivyo: pampu nzima imesogea, umbali wa puli hadi beringi yake uko vilevile. Mzigo wa ziada unaangukia bolti na bamba. Kinachoumiza beringi kwenye njia ya bamba ni feni, kama pampu ya dukani haikuundwa kubeba feni.

Mkereza_Alumini
Kwa watakaolazimika kukata bamba, hasa wale ambao bodi yao imeliwa:

Skani uso wa gasketi kwa skana bapa, rula ya chuma ikiwa pembeni. Kwenye kompyuta hakikisha mm 100 za rula ni mm 100 kwa urefu na kwa upana pia, kwa sababu skana nyingi hunyoosha upande mmoja. Umbali kati ya matundu yenye kipenyo sawa upime kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, toa kipenyo kimoja. Usikadirie katikati kwa jicho.

Matundu ya seti mbili yakikaribiana, zungusha pampu digrii chache hadi kubaki walau mm 6 za alumini kati yao. Kekee ya M8 kabla ya tapu ni mm 6.8. Tundu la kupitisha bolti, 8.5. Hesi inayotoboka hadi kwenye maji lazima ipakwe dawa ya kuziba, maana maji hupanda kwenye hesi na kutokea chini ya kichwa cha bolti, ukadhani ni gasketi.

Baada ya kukata, bamba huwa limejikunja kidogo. Weka msasa namba 320 juu ya kioo kinene, mafuta mepesi, sugua kwa mzunguko wa namba nane. Rula ya chuma juu, fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya mm 0.05 isipite popote. Gasketi ya karatasi mm 0.8 pande zote mbili. Silikoni nyingi inayotoka ndani hukatika na kwenda kukaa kwenye rejeta. Bolti za M8, Nm 20, kwa mtindo wa msalaba, kwa hatua mbili. Jaribu kwa pampu ya mkono bar 1 injini ikiwa baridi, dakika 15. Washa, pasha, acha ipoe kabisa, kisha kagua mkazo tena.

Chuma_Baridi
Nimeng'oa. Beringi ni mm 30 nje, shafti 15.9, na urefu unalingana na beringi iliyopo dukani nikikata mm 3 nyuma. Tatizo ni sili. Tundu kwenye bodi ni mm 39.6 na limeliwa na kutu, na sili ninayoipata kwa shafti hii ni ya 36.5.

Sili_na_Shafti
Basi adapta yako ni pete, na bamba lisahau.

Usitie pete kwenye 39.6 kama lilivyo: ukuta utakuwa mm 1.5 na kutu haitakupa mbano. Fungua tundu hadi 42.00, mradi unabaki na ukuta wa bodi usiopungua mm 4. Bodi ipangwe kwenye mashine kwa kufuata tundu la beringi, saa ya kupimia isicheze zaidi ya mm 0.05, kwa sababu sili isiyo katikati ya shafti haidumu. Pete iwe ya shaba nyeusi au chuma cha kusubu, nje 42.04, ndani iachwe 35.5 kwanza. Isukume na gundi ya kushikilia beringi. Ndipo ukereze ndani hadi kipimo anachotaka mwenye sili. Ukikereza kabla, pete ikibanwa inajifinya na sili haitaingia sawasawa.

Urefu wa pete uishie kabla ya kitundu cha kuchuruzisha. Ukikifunika, kitoboe upya kupitia pete kabla sili haijaingia.

Chuma_Baridi
Kitundu kiko mm 2 tu nyuma ya bega la sili. Nipunguze pete?

Sili_na_Shafti
Punguza mm 2.5 na uvunje ukingo wa ndani kwa digrii 30 ili sili iingie bila kuchanika mpira. Mbano utabaki wa kutosha.