Mjadala: Kitambulisho cha taifa kitoshe kuvuka Holili na Namanga, au pasipoti ibaki palepale?

MWANZISHA MADA, MOSHI

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya mpakani Holili, naenda sokoni Taveta, upande wa Kenya, kama ninavyokwenda wiki nyingi. Mbele yangu alisimama bibi mmoja wa Rombo, kitenge kimoja kiunoni, kingine begani, na kifurushi cha ndizi chini ya miguu. Mkononi alishika kitambulisho cha taifa alichokifunga kwenye nailoni na kukizungushia mpira. Alipofika dirishani akakifungua polepole, akakisukuma chini ya kioo. Afisa akakitazama, akamrudishia kwa heshima kabisa: "Bibi, hiki hakivushi. Nahitaji pasipoti au hati ya dharura." Bibi akasema anakwenda kumjulia hali dada yake, jioni atakuwa amerudi. Afisa akarudia maneno yaleyale. Bibi akakifunga tena, akauzungusha ule mpira mara mbili, akatoka kwenye foleni.

Saa saba mchana nikamkuta Taveta. Ndala zake zilikuwa na udongo mwekundu uliopanda mpaka vifundoni. Sikumuuliza amepitia wapi, naye hakuniambia.

Kenya, Uganda na Rwanda walikubaliana tangu 2014 raia wao wavuke kwa kitambulisho. Sisi, ambao makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako kwetu Arusha, hatukuingia kwenye makubaliano hayo. Mimi pasipoti ninayo, nilitoa 150,000. Lakini hebu hesabuni. Anayevuka siku mbili za soko kwa wiki anagongewa muhuri wa kutoka Tanzania, wa kuingia Kenya, wa kutoka Kenya, wa kuingia Tanzania. Hiyo ni mihuri minane kwa wiki, zaidi ya 400 kwa mwaka. Kitabu gani kitaibeba? Na muuza ndizi atoe 150,000 kwa mpigo kutoka wapi?

Msimamo wangu ni kwamba kitambulisho kitoshe. Wenye hoja tofauti karibuni, ila tusitukanane.

WAKALA WA FORODHA MSTAAFU, ARUSHA

Dada, nimesoma habari ya huyo bibi na imenigusa. Hata hivyo nitakupinga.

Kwanza, Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya iliyoanza Julai 2010 haikutulazimisha. Inasema nchi zilizokubaliana kutumia vitambulisho vya kielektroniki zinaweza kuvitumia. Kwa hiyo Tanzania haijavunja ahadi yoyote. Imechagua kutochagua, na hilo ni la kisiasa, lijadiliwe hivyo.

Pili, pasipoti ya 150,000 inadumu miaka kumi, yaani 15,000 kwa mwaka. Ni ghali kwa mkupuo, hapo nakubali. Lakini muhuri unaoulalamikia ndio ushahidi wako siku utakayosimamishwa barabarani upande wa pili ukaambiwa umezidisha siku. Nimewahi kumtoa mteja kwenye matatizo ya namna hiyo kwa kuonyesha muhuri tu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, watu wengi mpakani wanakwamishwa na mzigo, si karatasi ya kusafiria. Nimefanya kazi hii miaka mingi. Mama anafika na viroba vinne vya maharage, hajui kuwa kwa mzigo usiozidi dola 2,000 uliozalishwa ndani ya Jumuiya anaweza kupata pale pale mpakani cheti cha uasili kile kilichorahisishwa, na ushuru wa forodha ukaondoka. Hajui pia kwamba msamaha huo ni wa ushuru wa forodha tu. Kodi nyingine na kibali cha afya ya mimea viko palepale. Anakutana na kijana mmoja nje ya geti, anamwambia "nipe elfu ishirini nikumalizie." Hapo kitambulisho kingemsaidia nini?

Na mkumbuke Oktoba 2017 pale Namanga. Vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilichomwa moto, na mwezi huohuo ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya walipigwa mnada huku kwetu. Machi 2021 Kenya nao wakazuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, kisha wakalegeza kwa masharti siku chache baadaye. Yote hayo yametokea kati ya nchi zilizosaini umoja wa forodha unaofanya kazi tangu Januari 2005. Nani kati ya waliopata hasara alikosa pasipoti?

DEREVA, ARUSHA–NAIROBI

Mimi nasema kutokana na ninachokiona kwenye gari. Mwaka juzi, kwenye mpaka mmoja ambao siutaji, abiria wangu, mama wa makamo, alitoa kadi ya manjano aliyochanjwa 2009. Akaambiwa imekwisha, miaka kumi imepita, achanje upya au "aelewane." Nikasogea nikasema kwa adabu kwamba tangu Julai 2016 Shirika la Afya Duniani limesema chanjo ya homa ya manjano ni ya maisha, hata kwenye kadi za zamani. Nikaambiwa nirudi kwenye gari langu. Mama akatoa pesa. Risiti hakupewa. Njia nzima alikuwa ameishika ile kadi mapajani, haongei.

Kwa hiyo mzee wangu wakala, shikamoo, una haki kwenye hoja ya mzigo, lakini usidhani karatasi haiumizi watu. Anayetaka kukukamua atakukamua kwa pasipoti, kwa kadi, kwa kitambulisho. Ninachotaka ni masharti yabandikwe ukutani kwa Kiswahili, maandishi makubwa: kipi kinahitajika, bei gani, lipa wapi. Abiria asome mwenyewe bila kutegemea mdomo wa mtu. Kituo cha pamoja cha Namanga kilichozinduliwa Desemba 2018 kimetupunguzia sana muda, sasa unashuka mara moja unamaliza na pande zote mbili. Kama hilo liliwezekana, bango litashindikanaje?

MZEE WA PASUA, MOSHI

Marahaba kwa wote watakaonisalimu. Mimi nimeona mpaka ukifungwa kabisa.

Februari 1977 Jumuiya ya kwanza ilikuwa inakufa na mpaka na Kenya ukafungwa. Ulifunguliwa Novemba 1983, baada ya marais watatu kukutana hapo Arusha. Katikati ya miaka hiyo baba yetu alifariki. Kaka yangu alikuwa anafanya kazi Voi. Tulimpelekea habari kwa mtu, mtu akampa mtu. Alifika siku ya tisa, usiku, amepita porini, amekonda, suruali imechanika gotini. Kaburi lilikuwa limekwisha kushindiliwa. Akakaa pale pembeni mpaka kulipopambazuka, kisha akarudi njia ileile aliyojia, kwa sababu mchana asingethubutu kuonekana.

Siku zile usingeambiwa lete pasipoti wala lete kitambulisho. Wakubwa walifunga, basi. Ndiyo maana mabishano ya kadi gani yananipa wasiwasi kidogo, tunabishania ufunguo wakati mwenye kufuli ni mwingine. Mimi ningeomba haki ya majirani iandikwe kwenye sheria za nchi zote mbili: watu wa Rombo, Himo, Taveta, Loitokitok, Namanga na Longido wapewe hati yao ya ujirani, ya kwenda na kurudi, na isifutwe kwa tamko la siku moja. Wamasai wa Namanga wana maboma pande zote mbili. Ng'ombe akivuka, mchungaji afanyeje, asimame kwenye jiwe la mpaka amsubiri?

BINTI WA TARAKEA

Shikamoo babu. Shikamoo mama mwanzisha mada. Naomba mnisikilize na sisi ambao hata hicho kitambulisho hatuna.

Mimi nina namba tu, kadi sijawahi kuishika. Na hiyo namba niliipata kwa tabu. Nilipokwenda kujiandikisha niliulizwa bibi mzaa mama amezaliwa wapi. Nikasema ukweli, Loitokitok. Ukimya ukaingia pale mezani. Nikaambiwa nikalete cheti cha kuzaliwa cha mama, na cha bibi kama kipo. Bibi yangu alizaliwa kwenye shamba la kahawa, cheti angekitoa wapi? Nimekwenda mara nne, nauli yangu, siku zangu za kibarua. Rafiki yangu niliyesoma naye, wa kwao Dodoma, alimaliza mara moja.

Sasa mkisema kitambulisho kitoshe kuvuka, mtamsaidia mtu wa Moshi mjini mwenye kadi. Sisi tunaoishi mlangoni kabisa kwa jirani ndio tunaoshukiwa zaidi, na ndio wa mwisho kupata hiyo kadi. Tutaendelea na njia za panya. Na ukipita njia ya panya na debe moja la mahindi, wewe tayari ni mtu wa magendo, hata kama mahindi ni ya kumpelekea shangazi.

MUONGOZA WATALII, USA RIVER

Fupi tu, kwa sababu kila mtu anazungumzia barabara. Pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, nawaona wageni wakitoa vitu kwenye mifuko ya rambo kabla ya kutoka, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, na wengi wanaelewa kwa sababu walielezwa kabla ya kusafiri. Hapo namuunga mkono dereva: mtu akijua sharti mapema hagombani na mtu. Mimi mwenyewe niliporudi kutoka nje na kompyuta mbili, kwenye uwanja fulani nikakadiriwa bei kwa macho. Nilipotoa risiti, makadirio yakashuka palepale. Tunzeni risiti, jamani.

MWANZISHA MADA, MOSHI

Nimesoma yote, mengine mara mbili.

Mzee wakala, kwenye muhuri kama ushahidi umenishinda. Sikuwahi kuufikiria hivyo. Lakini ushahidi huo unaweza kubaki kwenye kompyuta, namba ya mtu ikiingizwa anapotoka na anaporudi. Benki zinatutambua kwa alama ya kidole, mpaka ushindwe?

Binti wa Tarakea, wewe ndiye uliyenibadilisha. Nilikuwa nazungumza kama mtu mwenye kadi mfukoni. Kwa hiyo narekebisha mada yangu: kwanza watu wa wilaya za mpakani wasajiliwe kwa ushahidi wa wazee wa kijiji na viongozi wa mtaa pale vyeti vinapokosekana, kisha ndipo hati ya ujirani anayoisema mzee wa Pasua. Kitambulisho kwa nchi nzima kije baadaye. Wanaonicheka kwamba nimerudi nyuma, sawa, nimerudi.

WAKALA WA FORODHA MSTAAFU, ARUSHA

Hapo tunakaribiana, dada. Swali langu lililobaki ni hili, na nataka jibu lenye namba: jirani ni wa kilomita ngapi? Ukisema kumi, Himo wanaweza kupata, wewe wa Moshi hupati. Ukisema hamsini, umeingiza mji mzima na maduka yake ya jumla, na wenye malori watavusha mzigo kwa hati ya bibi wa ndizi. Nimewaona wakikodi akina mama wabebe gunia mojamoja, mzigo wa tajiri mmoja umegawanywa kwa watu thelathini ili kila mmoja aonekane mdogo.

MWANZISHA MADA, MOSHI

Basi ipimwe kwa kijiji anachoishi mtu, si kwa kilomita, na iwe hati ya mtu, mzigo uende na sheria yake ya dola 2,000. Mimi wa Moshi nitaendelea na pasipoti yangu, sina kinyongo. Kuhusu hao wanaogawanya mzigo wa tajiri sina jibu bado. Mwenye jibu aandike.

DEREVA, ARUSHA–NAIROBI

Mama, na yule bibi alirudi salama?

MWANZISHA MADA, MOSHI

Sijui, kaka. Niliondoka Taveta saa kumi, yeye alikuwa bado anamenya ndizi kwenye kibaraza cha dada yake.