Tabo ikifa, tafuta kilichoiua: tupeane uzoefu

Kijana wa Barani: Leo asubuhi kuna bokso limenipita daraja la Sabaki, tabo yalia fiiii kama filimbi ya refa, moyo ukanipiga. Mwenzenu nishanunua tabo (turbo, ile feni ya kusukumia injini hewa) mbili ndani ya mwaka mmoja. Nani mwengine yashamkuta?

Mzigo wa Chumvi: Mie! Nabeba chumvi ya Gongoni kwa lori la kanta. Tabo ilikufa nikafungiwa nyengine ya ex-Japan, wiki tatu tu, nishapita Minjila usiku naelekea Witu, gari likapoteza nguvu, natizama kioo nyuma hakuonekani kitu ni moshi wa bluu mtupu. Nafunga swichi, injini haizimi! Yazidi kunguruma, kumbe yanywa oili yake yenyewe kupitia tabo. Tanboi asharuka. Nikatia gia ya tano, breki mpaka chini, klachi nikaiachia ghafla, ikatetemeka ikafa. Stiki ya kupimia oili kavu kabisa. Fundi mwengine alipofungua paipu ya kurudishia oili akatoa silikoni nyekundu imejikunja kama funza. Aliyefunga alipaka gasket mpaka ikamwagika ndani, oili ikikosa njia ya kushuka yatokea kwenye sili za tabo, zile za kuizuia isivuje. Tabo haikuwa na kosa lolote!!

Abuu Mokowe: Subhanallah. Pole sana kaka.

Mama Prado: Mafundi wetu ndio wauaji.

Fundi Shella: Dada usitutie sote chungu kimoja. Mteja amwaga oili kila akikumbuka, tabo ikifa alaumiwa fundi?

Mama Prado: Mie namwaga kila kilomita 5,000 na bado! Nikaambiwa tabo mbovu, moshi mweusi, mlima haupandi. Ilikuwa klipu ya paipu ya intakula (kipoza hewa itokayo kwenye tabo) imelegea, hewa yote yatoka nje. Bisibisi tu.

Fundi Shella: Hapo sawa, huyo alikosea. Mweusi tafuta hewa inakovuja, bluu tafuta oili.

Babu Hilux: Tieni oili nzito mtulie.

Fundi Shella: Mzee wangu, nzito yachelewa kufika asubuhi, na shafti ya tabo yapita mizunguko laki moja kwa dakika. Ikizunguka kavu kidogo tu imekwisha. Na ukitoka safari ndefu iache injini dakika mbili tatu ndio uzime.

Abuu Mokowe: Tabo yangu mapanga yaliliwa na mchanga, filta ya hewa ilikuwa na tundu la kupita kidole.

Kijana wa Barani: Nimetoka kufungua paipu ya kurudishia sasa hivi. Nimepitisha spoku ya baiskeli, imegota kwenye kitu laini.