Bibi analea wajukuu 3, wenzangu wanataka tuwapeleke kituoni

Muuliza:
Wakubwa shikamooni. Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha kusaidia familia zenye shida. Kuna bibi mmoja, miguu inamsumbua, analea wajukuu 3 tangu binti yake afariki. Mkubwa ana miaka 11, mdogo hajatimiza 3. Wenzangu wanasema tuwatafutie kituo cha kulelea watoto, huko watakula na kusoma. Nilipomdokezea bibi hakunijibu, alimvuta tu yule mdogo akampakata. Tangu siku hiyo sina raha. Tufanyeje?

Jibu:
Dada, msiwatoe kwa bibi yao. Mimi nimekulia kituoni. Nilishiba, nilivaa, nilisoma, na walionilea nawashukuru. Lakini walezi walikuwa wa zamu, ukimzoea huyu kesho kaondoka. Mdogo wangu alipangiwa bweni jingine, tukawa tunaonana uwanjani tu. Na bibi yetu alikuwa hai miaka yote hiyo! Kilichotutenganisha naye ni karo na kodi ya nyumba.

Jibu:
Nafanya kazi ya ustawi wa jamii. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 2009 kuhusu malezi mbadala uko wazi: umaskini peke yake si sababu ya kumtoa mtoto kwenye familia, bali ni dalili kwamba familia hiyo inahitaji msaada. Mwongozo huo unataka pia ndugu wasitenganishwe, na wadogo, hasa walio chini ya miaka 3, walelewe ndani ya familia.

Anzeni na bibi. Miguu yake imeonwa na daktari? Akiugua ghafla usiku, watoto watabaki na nani? Hilo lisingojee, amtaje mwenyewe mtu anayemwamini. Vyeti vya kuzaliwa pia viangalieni. Halafu zungumzeni na huyo wa miaka 11, maana ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 inampa haki ya kusikilizwa. Mkikuta kipigo au mtoto kutelekezwa, hapo ni jambo jingine, toeni taarifa kwa mamlaka.

Muuliza:
Ahsanteni sana. Jana nilikaa na yule mkubwa kibarazani. Nilidhani ataniomba sare au madaftari. Aliniuliza kama bibi akipelekwa hospitali, na yeye anaruhusiwa kwenda. Nimemwambia tutakwenda sote Jumatatu.