Mafundi wa Arusha na Moshi, acheni kupiga window kila antivairasi ikileta skrini ya bluu!

Wakuu, leo sizunguki mbuyu. Kuna mchezo umezoeleka kwenye vibanda vya kompyuta, kuanzia Kaloleni na Ngarenaro hapa Arusha mpaka Mbuyuni kule Moshi. Mteja kaweka antivairasi mpya, mashine inaleta skrini ya bluu, inajizima, inawaka, inaleta tena. Anaipeleka kwa fundi. Fundi hata hasomi kilichoandikwa kwenye hiyo skrini. Anachomeka flashi, anafomati diski C, anapiga window (anaweka Windows upya), anapokea hela. Hesabu za duka, picha za harusi, orodha za wageni wa safari walioshalipa advansi, vyote vimekwenda na maji. Ukimuuliza tatizo lilikuwa nini, jibu ni lile lile: "Kirusi kilikuwa kikali sana, bosi."

Kirusi gani? Mashine inayoanza kuanguka dakika ile ile antivairasi ilipomaliza kujiweka, mtuhumiwa wa kwanza ni hiyo antivairasi yenyewe, au ile ya zamani ambayo hukuitoa kabla ya kuweka mpya.

Antivairasi siyo kama Word au VLC. Inapanda draiva, programu ya ndani kabisa ya mfumo, kwenye kiini (kernel) cha Windows, na kila faili linalofunguliwa linakaguliwa kwanza na hiyo draiva. Programu ya kawaida ikikosea, inafungwa yenyewe na kazi zingine zinaendelea. Draiva ya kwenye kiini ikikosea, Windows inasimamisha mashine nzima ili data isiharibike zaidi. Tarehe 19 Julai 2024 dunia nzima ililiona hilo: CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, walitoa sasisho lenye faili bovu, kompyuta zipatazo milioni 8.5 zikaanguka, ndege zikabaki chini. Na dawa haikuwa kufomati. Watu waliingia Safe Mode (Windows inawaka na draiva za lazima tu), wakafuta faili linaloanza na C-00000291 kwenye folda ya draiva za CrowdStrike, wakawasha mashine, kazi ikaendelea. Ingekuwa ni mafundi wetu, tungepigiwa window milioni 8.5.

Sasa kosa linaloniudhi kuliko yote: kurundika antivairasi mbili. Defender ya Windows ina adabu, ikiona antivairasi nyingine imejiandikisha inakaa pembeni yenyewe. Avast na Kaspersky hazipishani hivyo. Hii inafungua faili ilikague, ile inaona faili limefunguliwa nayo inataka kulikagua, zinasubiriana mpaka mashine inaganda au inaanguka. Na msidhani leseni ikiisha ndiyo imetoka. Laptopu nyingi huja na McAfee au Norton ya majaribio. Muda umepita, mwenye mashine ameshaisahau, draiva zake bado zimo ndani zinafanya kazi.

Kujua kama ndiyo hali yako, fungua Command Prompt kama Administrator, andika fltmc, bonyeza Enter. Inaleta orodha ya draiva zinazochuja mafaili; angalia safu ya Altitude. Namba za 320000 mpaka 329999 ndiyo mtaa wa antivairasi. WdFilter yenye 328010 ni Defender, hiyo iache. Ukikuta humo majina ya kampuni mbili tofauti, mchawi wako ni huyo. Hakuna bando linalotumika hapo, na ni kazi ya dakika moja. Fundi anayechukua hela ya mtu bila kufanya hata hilo, hiyo ni hela ya bure.

Skrini ya bluu ikitokea, ipige picha kwa simu. Unataka vitu viwili: jina la kosa, kwa mfano PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA au DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, na pale penye "What failed" jina la faili linaloishia na .sys. Isiposema, nenda C:\Windows\Minidump, fungua faili la humo kwa BlueScreenView, programu ya kusoma kumbukumbu za kuanguka, au WinDbg kwa amri ya !analyze -v. Tahadhari moja: ukiona imetajwa ntoskrnl.exe usikimbilie kusema Windows ni mbovu. Hapo ndipo maiti imeokotwa, siyo muuaji. Shuka chini kwenye orodha utafute draiva isiyo ya Microsoft.

Kuitoa: kama Windows inafika kwenye skrini ya kuingia, shikilia Shift ukibonyeza Restart. Kama haifiki, izime kwa kitufe wakati nembo inaonekana, rudia mara mbili au tatu, itajileta yenyewe kwenye skrini ya matengenezo. Chagua Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha bonyeza 4 uingie Safe Mode. Habari za kupapasa F8 ziacheni kwenye Windows 7. Humo humo kwenye Advanced options kuna System Restore. Kama kuna tarehe ya kabla ya antivairasi, jaribu hiyo kwanza, haigusi nyaraka zako.

Ukiwa Safe Mode, wengi wanaenda Control Panel kuondoa programu, wanaambiwa huduma ya Windows Installer haipatikani, wanakata tamaa. Ni kawaida, huduma hiyo hailetwi Safe Mode. Ndiyo maana kampuni zenyewe zinatoa vifutio vyao: ESET Uninstaller, Avast Clear, kavremover ya Kaspersky, MCPR ya McAfee. Pakua kwa mashine nyingine kutoka tovuti ya kampuni husika, weka kwenye flashi. Vya ESET na Avast vimetengenezwa viendeshwe humo humo Safe Mode.

Usifute faili la .sys kwa mkono kwa kuwa umeona CrowdStrike walifanya hivyo. Lile lilikuwa faili la data tu, siyo draiva yenyewe. Draiva iliyojiandikisha kwenye rejista (registry, hifadhi ya mipangilio ya Windows) kama kichujio cha diski, ukiifuta bila kuifuta kwenye rejista, utawasha ukutane na INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Hapo ndipo fundi anapokuja na flashi yake kwa furaha.

Ukimaliza bonyeza Restart, siyo Shut down. Kwenye Windows 10 na 11 kuna Fast Startup. Ukizima kawaida, kiini kinahifadhiwa kwenye diski na kurudishwa vile vile ukiwasha. Restart ndiyo inaanza upya kweli. Endesha fltmc tena, hakikisha mtaa uko safi, ndipo uweke antivairasi MOJA. Chukua faili kamili la usakinishaji, siyo lile dogo linalopakua mengine mbele ya safari halafu bando linakata katikati. Kama ni desktopu haina UPS, usianze wakati umeme unachezacheza. Draiva iliyopandwa nusu ni balaa kuliko isiyopandwa kabisa. Kisha, kukarabati mafaili ya Windows yenyewe, endesha DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ifuatiwe na sfc /scannow.

Antivairasi za kukraki (zilizovunjwa leseni) sitaki hata kuzijadili. Programu ya ulinzi inayokuambia uzime ulinzi kwanza ndipo ijiweke, na wewe unakubali!

Jibu #2
Mkuu umemaliza, ila umeruka BitLocker, kufuli la diski la Windows. Laptopu nyingi mpya za Windows 11, ukiingia kwa akaunti ya Microsoft zinafunga diski zenyewe bila kukuuliza. Ukienda Safe Mode inadai ufunguo wa tarakimu 48. Fundi asiyejua anasema diski imekufa, anafomati. Ufunguo upo account.microsoft.com/devices/recoverykey, ingia kwa akaunti ile ile ya mashine. Kama mashine bado inawaka, andika manage-bde -protectors -get C: uunakili mapema kwenye karatasi.

Jibu #3
Mnatusema sana mafundi. Mteja anakuja saa nane anataka mashine saa tisa, na hela ya uchunguzi hataki kutoa. Halafu siyo kila mara ni antivairasi. Mashine nyingi zinazoletwa ni HDD za zamani na RAM GB 4.

Mleta uzi
Mkuu, la muda nakuelewa. Lakini kuwasha Ubuntu (mfumo mwingine usiotegemea Windows) kutoka kwenye flashi na kunakili folda ya C:\Users kwenye diski ya nje kabla hujafomati ni shilingi ngapi? Mwambie mteja gharama yake achague mwenyewe. Msichague kwa niaba yake halafu mkamwambia ni kirusi. Na hizo Windows zilizopunguzwa mnazobeba, zilizotolewa Defender na kufungwa masasisho, ndizo zinazogoma antivairasi mpya wiki inayofuata.

La mashine kuwa mbovu uko sahihi, na linapimika. Ikizimika ghafla bila skrini ya bluu wakati wa skani ya kwanza, angalia Event Viewer (daftari la matukio la Windows), tukio la Kernel-Power 41. BugcheckCode (namba ya kosa la skrini ya bluu) ikiwa 0, Windows haikurekodi kosa lolote, mara nyingi umeme umekatika tu, na kwenye laptopu shuku joto kwanza. Skani nzima inachosha prosesa. Feni iliyojaa vumbi la Kwa Mrombo, au joto la Moshi mwezi wa pili, haihimili. Safisha feni, weka pesti mpya. Upande wa HDD, skani inasoma mpaka mafaili ambayo hayajaguswa miaka, inagonga sekta mbovu, mashine inaganda. Fungua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, angalia mistari ya 05 na C5 (hesabu za sekta mbovu): ukiona C5 siyo sifuri, acha kuskani, nakili data kwanza. Na ikianguka hata ndani ya Safe Mode, toa RAM moja moja uzipime kwa mdsched, kipimo cha RAM cha Windows.

Jibu #4
Wakuu, ofisini bado tuna Windows 7. Tukiweka antivairasi mpya haileti bluu, inaleta nyeusi, 0xc0000428.

Mleta uzi
Hiyo ni saini ya draiva. Draiva za sasa zinasainiwa kwa SHA-2, njia mpya ya saini ya kidijitali, na Windows 7 bila masasisho haiitambui. Bonyeza F8, chagua Last Known Good Configuration uingie, toa antivairasi, weka sasisho la Windows KB4490628 kwanza, kisha KB4474419, restati. Kabla hujairudisha, soma kwenye tovuti yao kama toleo hilo bado linaikubali Windows 7. Nyingi zimeshaiacha.