Honda CG125 ya mzee imelala stoo tangu 2015: nianzie wapi kabla ya kupiga kiki?

mwana_pangani:
Wakuu, habari za Jumapili. Kuna Honda CG125 ya marehemu mzee, ya miaka ya 80, ile ya volti 6, platini (vikata-umeme vinavyoleta cheche), na cheni iliyofunikwa yote na kasha. Ilisimamishwa stoo mwaka 2015 ikiwa inatembea vizuri, hapa Pangani, si mbali na bahari. Hali ya sasa: tenki lina mafuta kama robo, yamegeuka rangi na yananuka kama vanishi. Kiki inashuka nusu halafu inagoma. Betri haipo, tairi zote hazina upepo. Fundi wa kijiweni anasema tumwage petroli mpya, tutie gia, tuivute kwa bodaboda mpaka iwake. Sitaki kupaka rangi wala kubadilisha sura, nataka itembee tu. Nianze na nini?

fundi_magineto:
Pole kwa mzee, mkuu. Jambo la kwanza: asiivute mtu.

Kiki ikigoma katikati kuna kitu kimeshikwa ndani, na gurudumu la nyuma likivutwa lina nguvu ambayo mguu wako hauna. Kwenye CG kamshafti iko chini kwenye injini, valvu zinasukumwa na pushirodi (fito) mbili ndefu. Valvu ikiwa imeganda kwa kutu kwenye gaidi yake (mrija unaoongoza shina la valvu), pushirodi ndiyo itakayopinda. Kama ni ringi za pistoni zimeshikana na slivu (ukuta wa silinda), zitakatika au zitachora slivu, na hapo umejitafutia kuchonga na pistoni ya ovasaizi kwa injini ambayo labda ilikuwa nzima.

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa. Puliza au futa vumbi kuzunguka plagi kabla hujaifungua, maana mchanga ukiingia humo hautoki. Plagi yake ni D8EA, spana ya 18. Mimina ndani mililita 10 (vijiko viwili vya chai) vya mchanganyiko nusu kwa nusu wa ATF, ile oili nyekundu ya giaboksi za otomatiki, na asetoni. Asetoni ikikosekana tumia dizeli na oili ya injini. Rudisha plagi kwa vidole tu, iache siku mbili.

Wakati unasubiri, fungua kifuniko cha rocka (mikono inayobonyeza valvu) juu ya hedi, yaani kichwa cha injini. Bonyeza kila valvu kwa mpini wa nyundo: inatakiwa ishuke kidogo na irudi yenyewe. Isiyorudi inyunyizie kilainishi kwenye shina, subiri, bonyeza tena polepole. Ukifika hapo, tia gia ya juu kabisa, toa plagi, sukuma gurudumu la nyuma kwa mkono mbele na nyuma, mwendo mdogo mdogo. Kiki iache kwanza.

Ikizunguka mizunguko mizima bila kukwaruza, mwaga oili. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa kuna maji ndani, itabidi uibadilishe mara mbili. Angalia na kichujio cha wavu, kioshe kwa mafuta ya taa. Oili mpya ni lita 0.9, 20W-50 inafaa kwa joto la Pwani, lakini iwe ya pikipiki yenye alama JASO MA. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi ya CG inaogelea humo humo, itateleza. Kijiti cha kupimia unakikalisha tu juu ya tundu, hukizungushi. Wengi wanakizungusha, wanasoma uongo.

Kabla ya kufunga kifuniko cha rocka, dondoshea oili kwenye rocka na kwenye ncha za pushirodi, kwa sababu huko juu ni pakavu. Halafu tapeti (nafasi kati ya rocka na valvu): injini ya baridi, alama ya T (pistoni juu kabisa) kwenye magineto, lile gurudumu la sumaku linalozalisha umeme, rocka zote mbili zikicheza kidogo. Kama moja imebana uko kwenye mzunguko usio wenyewe, zungusha mara moja zaidi. Fila geji 0.08 mm, valvu ya kuingiza na ya ekzosi sawa.

kabu_safi:
Naunga mkono hapo juu. Mimi niseme mafuta.

Tenki: toa yote hayo, usiyachanganye na mapya hata kidogo. Petroli ikikaa, sehemu nyepesi zinaruka na kinachobaki ni ulimbo unaoziba jeti (vitundu vya kabureta vya kupitishia mafuta). Chungulia ndani kwa tochi. Kutu ya unga unga: fungua koki, ziba tundu, jaza siki nyeupe hadi juu, acha siku moja au mbili. Kutu ya magamba: kabla ya siki tia konzi mbili za nati kuukuu pamoja na mafuta ya taa kidogo, tikisa mpaka mkono uchoke, mwaga, hesabu nati zote zimetoka. Ukishatoa siki suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua asidi, kausha juani siku hiyo hiyo, na zungushia petroli yenye oili kidogo. Ukiliacha tupu na bichi usiku mmoja kwa hewa ya huko kwenu, asubuhi limerudi jekundu.

Koki ina kichujio kinachosimama ndani ya tenki na kikombe chini. Badilisha oringi ya kikombe, ya zamani itakuwa ngumu na itavuja tu.

Kabureta toa yote mezani. Jeti kubwa utaiona mwanga ukipita ukiielekeza juani. Inayosumbua ni jeti ndogo ya mwendo wa chini (injini ikinguruma bila gesi), tundu lake ni dogo sana na ndilo linaloziba kwanza. Usichokoe kwa sindano wala waya wa chuma, unapanua tundu na pikipiki itakunywa mafuta daima. Loweka kwa kabu klina usiku kucha, kisha pitisha uzi wa mshipi wa kuvulia samaki, ule mwembamba. Pangani hautakosa. Kabla hujatoa skrubu ya hewa, ifunge taratibu hadi igote huku unahesabu mizunguko, uandike. Ukikosa kumbukumbu anza na mzunguko mmoja na nusu nje.

Floti (boya la kabureta) itikise sikioni: ukisikia mafuta ndani, imetoboka.

Eakilina ya CG ni sponji. Ishike kidogo, ikivunjika vunjika kwenye vidole usithubutu kuwasha, itavutwa hadi kwenye valvu. Kata sponji mpya ya eakilina, sio ya godoro, ioshe, iloweke oili ya injini na kamua.

Halafu dondola. Pikipiki ikilala stoo Pwani wanajenga kwa udongo kila tundu: sailensa, mpira wa kumwagia mafuta wa kabureta, tundu la pumzi la mfuniko wa tenki. Hilo la mwisho ndilo linalowachanganya watu. Pikipiki inakwenda kilomita mbili tatu inazima, unafungua mfuniko kuangalia mafuta, inawaka, unadhani imepona.

mwana_pangani:
Asanteni sana wakuu. Ilikuwa valvu ya ekzosi, imelainika na sasa inazunguka vizuri, kompresheni mguuni naisikia. Tapeti, oili, tenki na kabureta tayari. Tatizo: cheche hakuna kabisa. Plagi mpya.

volti_sita:
Habari njema kwanza: magineto ya hiyo CG ina koili yake ya moto, kwa hiyo haihitaji betri ili iwake. Usiende kununua betri kwa ajili ya cheche.

Anza na platini, zipo upande wa kushoto ndani ya magineto, unaziona kupitia matundu ya magineto yenyewe. Miaka kumi kwenye hewa ya chumvi, zitakuwa na utando wa kijivu usiopitisha umeme hata kama zinagusana. Kata kipande cha msasa namba 600, kikunje ili kiwe na uso pande mbili, pitisha katikati mara chache. Halafu kazi ambayo mafundi wengi wanairuka: pitisha kipande cha karatasi safi kilicholowa petroli, rudia mpaka karatasi itoke bila alama. Unga wa msasa ukibaki hapo, umerudi ulikotoka. Nafasi zikiwa zimefunguka kabisa ni 0.3 hadi 0.4 mm. Ziwe zinaanza kufunguka alama ya F (wakati wa cheche) inapofika kwenye mstari.

Bado hakuna? Tenganisha waya mweusi wenye mstari mweupe unaotoka magineto kwenda swichi. Huo ndio unaozima injini kwa kupeleka moto bodi, na swichi ya funguo iliyooza ndani inauzima muda wote. Cheche ikija baada ya kuutoa, tatizo ni swichi. Ila kumbuka ukiwasha hivyo funguo haitazima, itabidi utie gia ya juu, ushike breki na uachie klachi.

Kofia ya plagi izungushe kinyumenyume itoke, kata sentimita moja ya waya mnene mpaka uone shaba inayong'aa, rudisha. Kofia yenyewe ipime: nyingi ni kilo-omu 5. Isiyosoma kitu itupe.

Na kama cheche ipo lakini ni ya njano na dhaifu, huku platini zinarusha moto mweupe kila zikifunguka, kondensa (kinachozuia platini zisirushe moto) imekufa. Ni kitu kidogo cha bei ndogo, lakini bila hiyo platini zinaungua upesi.

Betri: usifunge ya volti 12. Zile betri za volti 6 Ah 4 zilizofungwa kabisa, za taa za dharura, zinaingia na zinapatikana kwa mafundi wa umeme. Pima zikiwa zinachajiwa injini ikiwa juu, isizidi volti 7.5. Usiwashe taa injini ikivuma bila betri, balbu zote zitakatika kwa mkupuo.

mwana_pangani:
Platini! Imewaka. Moshi mwingi mweupe-bluu. Lakini inasimama na choki tu, nikiifungua inazima.

kabu_safi:
Moshi ni ile ATF uliyomwaga, ipe dakika kumi. Ukiendelea kuwa wa bluu injini ikiwa moto, hapo fikiria ringi au sili za valvu.

Kuwaka kwa choki tu ni jeti ndogo haijasafika, au hewa inaingia pembeni. Injini ikiwa juu na choki, nyunyizia kabu klina kidogo kwenye maungio ya kabureta na hedi, mbali na ekzosi. Mlio ukibadilika, oringi ya hapo ndiyo. Usipobadilika, toa kabureta tena, kuna njia ndogo ya hewa inayoanzia mdomoni inayokwenda kwenye jeti hiyo, ipulize kwa kompresa.

fundi_magineto:
Na usiikoroge gesi kwa furaha. Ipeleke kilomita 50 hadi 100 kwa upole, mwaga oili ikiwa moto, weka nyingine. Utaona uchafu wa miaka yote umetoka. Klachi ikiwa inaburuta (ukiibana na gia imo bado inataka kwenda), pleti zimeshikana. Injini ikiwa imepata moto, zima, tia gia ya nne, bana klachi, tikisa pikipiki mbele na nyuma. Mara nyingi zinaachia bila kufungua kava.

breki_kwanza:
Jamani mmeiwasha lakini hakuna aliyegusa magurudumu. Ningeomba asitoke nje ya geti bado.

Soma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi baada ya herufi DOT. 2214 ni wiki ya 22 ya mwaka 2014. Zikiwa tatu tu, tairi ni ya kabla ya 2000. Haijalishi kashata zimebaki kiasi gani, raba iliyolala bila upepo na uzito juu yake imepasuka ndani pale ilipokunjika. Badilisha tairi, tiubu, na ule mkanda wa raba unaofunika vichwa vya spoki. Kabla ya kuvisha, gonga spoki moja moja kwa bisibisi. Inayolia butu imelegea au imeliwa na kutu kwenye nipo (nati yake ya kwenye rimu).

Breki: toa gurudumu zote mbili. Kinachotisha kwenye breki shuu za zamani si wembamba, ni gundi. Kutu inapenya kati ya chuma na laini (kitambaa cha breki kinachosugua dramu), laini inabanduka, inajikunja ndani ya dramu na gurudumu linafunga ghafla. Weka kucha kwenye ukingo, jaribu kuinua. Ikinyanyuka popote, tupa. Wembamba wa mwisho ni mm 2. Dramu ipige msasa kidogo kuondoa kutu, futa kwa petroli, na grisi uipake kwenye kamu tu, kiasi cha kichwa cha kiberiti. Ikizidi itayeyukia kwenye shuu.

Nyaya za breki ya mbele, klachi na gesi angalia ncha zake kwenye levu. Hata uzi mmoja ukiwa umekatika, badilisha. Wa gesi uache ujirudie wenyewe usukani ukikatwa kushoto na kulia, usiporudi usipande.

Kasha la cheni lifungue, usidhani kwa kuwa limefunikwa cheni ni nzima. Maji yakiingia humo hayatoki. Cheni ni 428. Ivute nyuma kwenye sproketi kubwa, ikiachana na meno mpaka uone nusu ya jino, badilisha pamoja na sproketi zote mbili.

Vipuri usihofu, injini nyingi za bodaboda za Kichina zimeigwa kutoka CG, kwa hiyo plagi na hata pistoni ya mm 56.5 utapata. Ila beba cha zamani mkononi ulinganishe dukani, maana vingine vinafanana kwa macho na tundu limehama milimita mbili. Na Boxer si ukoo huo, akikuambia zinaingiliana mkatalie.

mwana_pangani:
Shuu za nyuma zimebanduka kweli, kipande kimetoka chote mkononi. Za mbele zimeshika. Tairi zimeandikwa tarakimu tatu. Je, pumzi niweke ngapi kwenye mpya?

breki_kwanza:
Badilisha shuu za mbele pia, umri ni mmoja. Pumzi: mbele psi 25, nyuma 28 ukiwa peke yako, ukipakia ongeza nyuma hadi 32. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi.

Na bima ya mtu wa tatu kata kabla ya majaribio ya barabarani, kadi iangalie kama bado ina jina la marehemu. Uhamisho wa umiliki huo unataka karatasi za mirathi, anza mapema wakati unasubiri vipuri.